Bei ya Mashaka: Kwa Nini Mnunuzi Anakulalia, na Namna ya Kumjibu

Tangazo la friji likipanda asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na bei imeandikwa waziwazi kuwa ni shilingi 450,000, ujumbe wa kwanza mara nyingi hauulizi friji ina ukubwa gani wala inagandisha vipi. Unauliza: "Mwisho ngapi?" Wa pili unakuja na hukumu kamili: "Nina laki mbili mkononi, nakuja sasa hivi na kirikuu." Muuzaji aliyeinunua friji hiyo kwa laki nane miaka mitatu iliyopita anaona ametukanwa. Anajibu kwa ukali, au anamfungia mtu namba, kisha anakwenda kwa jirani kulalamika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu.

Mimi naona adabu ina sehemu ndogo sana katika jambo hili. Mtu anayeuza kitu chake cha nyumbani, iwe simu, seti ya makochi, televisheni au gari, hukutana na wanunuzi wa aina mbili ambao kwa maneno yao hawatofautiani. Kuna anayetaka kumlalia kwa makusudi, na kuna asiyejua anachokinunua, anayejikinga kwa kutaja bei ndogo. Hawa wa pili ndio walio wengi. Muuzaji anayewaweka wote katika kapu moja hufukuza wateja ambao wangelipa vizuri kama wangeondolewa hofu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe na kanga methali hiyo haina ubishi, maana macho na vidole vinatosha kukagua. Kwa friji iliyotumika haina nguvu hata kidogo. Friji nzima na friji inayokaribia kufa zikipigwa picha zinafanana, na zikifutwa kwa kitambaa chenye sabuni zinang'aa sawasawa. Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika akieleza jambo hilihili. Chukua Toyota IST mbili zinazouzwa mtaa mmoja. Moja imetunzwa na thamani yake halisi ni milioni 9. Nyingine ina injini mbovu na haistahili kuzidi milioni 5. Wenye magari wanajua ipi ni ipi, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hatoi 9 kwa gari lolote. Atataja 7, au chini ya hapo. Mwenye gari zima akisikia 7 anakasirika, anaondoa tangazo na kuendelea kuliendesha. Mwenye bovu anachekelea. Mwishowe sokoni yanabaki mabovu, wanunuzi wanalitambua hilo, na bei wanazotaja zinazidi kushuka. Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa kazi iliyotokana na wazo hilo.

Ukilitazama soko letu kwa jicho hilo, ile laki mbili ya mtu wa kirikuu inaanza kueleweka. Ndani ya pengo la laki mbili na nusu kati yake na wewe kuna maswali ambayo hakuyauliza. Je, gesi imejazwa wiki iliyopita ili ipoe siku ya kuuzwa tu? Kompresa ni ya asili au imebadilishwa? Inakula umeme kiasi gani, maana hakuna anayependa kuona yuniti za LUKU zikiyeyuka? Na lile kubwa ambalo hakuna anayelisema mbele ya mwenye mali: ni yako kweli, au kesho polisi watakuja kuifuata? Kila swali lisilo na jibu mnunuzi analikatia fedha. Ukimjibu kabla hajauliza, unarudishiwa sehemu ya fedha hizo.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapozembea, kwa hiyo tukae kidogo. Sifa hazijibu maswali hayo. "Ipo kwenye hali nzuri sana, haina tatizo lolote" ni sentensi ambayo mwenye friji mbovu naye ameiandika, tena pengine kwa herufi kubwa. Kinachojibu ni kitu ambacho mwenye mali mbovu hawezi kukionyesha. Kwa friji, mkute mteja ikiwa imewaka tangu jana, barafu imeganda kwenye trei, na mlango unashika karatasi ukiifunga katikati ya mpira. Akitaka kuona inavyoanza, ichomoe, kisha ngojeni dakika chache kabla ya kuichomeka tena, kwa sababu kompresa haipendi kuwashwa papohapo. Muda huo mwache aangalie nyuma, aguse mabomba, amuulize fundi wake kwa simu. Muuzaji anayemsihi mteja asiguse nyuma amejipunguzia bei mwenyewe.

Kwa simu, boksi na risiti ya EFD vina thamani kuliko aya tatu za maelezo. Piga *#06# mbele ya mteja, namba ya IMEI itokee, ailinganishe na ya kwenye boksi. Watanzania wamejifunza kuijali namba hiyo tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia na watu wakaamka na vifaa visivyoshika mtandao. Mwonyeshe hali ya betri kwenye mipangilio. Mwahidi kwamba akaunti yako itatolewa akiwa ameketi hapo, na uitoe kweli, maana simu iliyobaki imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine ni kipande cha kioo.

Gari lina desturi zake. Dar es Salaam mnunuzi huanza na herufi ya namba ya usajili kabla ya kuuliza injini: "Ni namba D au E?" Herufi hiyo humwambia gari liliandikishwa nchini lini, na huishusha au kuipandisha bei hata kabla boneti haijafunguliwa. Huwezi kuibadilisha. Unachoweza ni kuwa na kadi halisi yenye jina lako, kumbukumbu za matengenezo, na kumkaribisha fundi wake achague siku na gereji. Mwenye gari linalovuja oili hatakubali fundi wa mteja alikague saa nzima, na mteja anajua hivyo. Kukubali kwako ni hoja tosha.

Lakini tusimwoshe muuzaji kupita kiasi. Bei aliyoiandika nayo mara nyingi ina ugonjwa. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi, baadhi yao wakiwa wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani: nusu walipewa vikombe vya kawaida vya kahawa, nusu hawakupewa, kisha wakaachwa wauziane. Waliopewa walidai takriban mara mbili ya kile ambacho wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Vikombe vilikuwa vilevile, na walikuwa wamevimiliki kwa dakika tu. Sasa fikiria seti ya makochi iliyokaliwa na wageni wa harusi ya binti yako. Wewe unaliona kochi lenye historia. Mgeni anaona kitambaa kilichofifia upande wa dirishani.

Kosa jingine ni kuhesabu kuanzia bei uliyonunulia. Mnunuzi haijui na haimhusu. Yeye anapima kwa kitu kimoja: mpya ni shilingi ngapi Kariakoo leo? Televisheni ndizo zinazoumiza zaidi, kwa sababu mpya zinazidi kuwa na kioo kikubwa kwa fedha ileile, kwa hiyo ya miaka minne iliyopita inashindana na kitu kikubwa chenye waranti. Kwa magari, mteja makini anafungua kikokotoo cha TRA, anajumlisha ushuru na bei ya kuagiza gari la aina hiyo kutoka Japani, na hapo ndipo dari ya bei yako ilipo, utake usitake. Ukiangalia matangazo ya wenzako kwenye Jiji au Kupatana ili ukadirie, kumbuka kwamba unaona bei wanazoomba. Bei walizouzia hazionekani. Tangazo lililokaa mwezi mzima kwa bei ileile linakuambia bei ambayo watu wameikataa.

Kuna nguvu nyingine ndani ya namba yenyewe. Mwaka 1974 Kahneman na Amos Tversky walieleza jaribio ambalo Mwafrika hulisoma kwa tabasamu. Watu walizungushiwa gurudumu la bahati lililotegeshwa kusimama kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Walioona 10 walikadiria kama asilimia 25. Walioona 65 walikadiria kama 45. Namba isiyo na uhusiano wowote na swali iliyavuta majibu. Laki mbili ya mtu wa kirikuu inafanya kazi hiyohiyo kichwani mwako, hata ukiwa umeikataa kwa hasira. Dakika kumi baadaye mtu akitaja laki tatu, unamwona mkarimu.

Hatari yake kubwa iko kwenye ule utaratibu unaoonekana wa haki kuliko wote: "Basi tugawane tofauti." Umesema 450,000, yeye amesema 200,000, katikati ni 325,000. Inapendeza masikioni. Ila angalia nani amechagua ile 325,000. Angesema laki na nusu, katikati ingekuwa laki tatu. Mwenye kutaja bei ya ajabu ndiye anayesogeza katikati, na mzoefu wa Kariakoo analijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana bei ya ajabu haijibiwi kwa namba. Jibu kwa mwaliko: "Asante kaka, kwa bei hiyo siwezi. Friji inawaka, njoo uione kwanza, ukiridhika tutaongea." Atakayekuja ana nia. Atakayerudia "sema mwisho" bila kuja amewatumia watu ishirini ujumbe huohuo, anasubiri mmoja mwenye njaa.

Swali la "mwisho ngapi" kwenye simu halistahili jibu la namba kwa sababu moja ya wazi: chochote utakachokitaja kama mwisho, akifika mlangoni kitakuwa mwanzo. Nimewasikia wauzaji wakijitetea kwamba kukataa kusema ni kupoteza muda wa watu. Sikubaliani nao. Bei iko kwenye tangazo. Mwenye kutaka kupunguziwa aje na macho yake.

Akishafika na kukagua, ndipo mnapatana, na hapo shusha kwa hatua zinazopungua. Kutoka 450,000 nenda 425,000, kisha 415,000, kisha 410,000. Kila hatua fupi inamwambia kwamba chini kunakaribia. Anayeshuka laki, halafu laki nyingine, anatangaza kwamba bado kuna laki. Na kila unaposhuka, pata kitu: alipe leo, alete usafiri wake, achukue na stabilaiza kwa fedha hiyo. Nafasi ya kushusha iwe imewekwa tangu mwanzo, ila kwa kiasi. Kama moja ya kumi juu ya unachokitaka inatosha. Ukiongeza nusu nzima ili "uache nafasi ya maongezi", wateja makini hawatakupigia kabisa, na utabaki na wale wasiosoma bei.

Bei ya chini kabisa iandikwe kabla ya tangazo, siku ambayo hujakasirishwa na mtu na hujabanwa na mtu. Itokane na swali la nini kitatokea kisipouzwa. Kochi linaloziba chumba ambacho ungekipangisha linakugharimu kila mwezi. Simu inashuka thamani kila toleo jipya linapotoka. Jiko la gesi lililofungwa vizuri stoo linaweza kusubiri.

Sasa kuhusu mnunuzi ambaye bei yake ndogo ni ya kazi. Mwenye banda la vitu vya mtumba, au dalali anayenunua ili auze, akikupa laki mbili na ishirini ana hesabu yake. Kirikuu elfu 20, fundi elfu 30, friji itakaa bandani mwezi pengine miwili, kisha atauza laki tatu na themanini akipata mteja. Ukimwomba bei ya mtu anayekwenda kuitumia nyumbani, unamwomba afanye kazi bure. Anachokuuzia yeye ni haraka na usumbufu pungufu: anakuja leo, analipa leo, hakuulizi mara sita kama inagandisha. Mwenye kuhama Jumamosi asimdharau. Mwenye muda wa wiki tatu ampite kwa heshima. Winga ni jambo jingine. Yeye hanunui, anatafuta cha juu kwa kuiweka picha yako kwenye kurasa zake na bei yake juu. Hana ubaya ikiwa bei inayokufikia ni yako, lakini usimwache akuletee mteja huku akikusukuma ushuke ili yeye apande.

Muda ndio unaowafanya hata wenye msimamo walegee. Januari, ada na sare zikidaiwa nyumba kwa nyumba, wauzaji hujaa na wanunuzi huwa wamechacha. Kitu kilekile kingepata mtu mapema Desemba. Katikati ya mwezi simu haziiti, mishahara ikitoka zinaita. Wageni wanaoondoka Masaki na Oysterbay kila mkataba unapoisha huuza vitu vizuri kwa bei ya kutupa, kwa kuwa tarehe ya ndege imeandikwa kwenye tangazo lenyewe. Usiandike tarehe yako. Usiandike "nauza kwa shida ya haraka". Maneno hayo yanaomba huruma na yanaitikiwa kwa laki mbili.

Ndugu na majirani wana bei yao ya chini ambayo haina uhusiano na mashaka. "Mjomba, mimi si mtu wa kuniuzia kama mgeni," kisha inafuata nusu ya bei, kisha nusu ya hiyo nusu "nitakumalizia mwisho wa mwezi". Kwa maoni yangu kuna njia mbili tu zinazoacha undugu salama: mpe bure, au mwambie kimeshapata mtu. Kukopesha friji kwa shemeji ni kununua ugomvi kwa awamu.

Anayestahili hasira, kama hasira ni lazima, ni mwingine. Mmepatana laki nne kwenye ujumbe. Umewakatalia wawili. Anafika jioni na kirikuu na vijana wawili wa kubeba, anaikagua friji bila kuona kasoro, kisha anahesabu noti mezani na kusema, "Dada, nimekuja na laki tatu na ishirini tu, na gari linanisubiri nje." Hapa hakuna mashaka ya kuondoa. Anategemea uchovu wako, aibu yako mbele ya vijana, na ukweli kwamba umeshaisafisha friji na kuiondoa jikoni. Kinga yake huanza kabla: omba arubuni ndogo kwa simu siku ya kupatana, usifute namba za wateja wengine, na uwe tayari kumwona akiondoka. Wengi wakishafika mlangoni hukumbuka kwamba wana fedha nyingine kwenye M-Pesa. Akilipa kwa simu, angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa maandishi unaweza kutengenezwa na mtu yeyote.

Na asiyeshusha kabisa? Anayekubali 450,000 bila kuiona friji, bila kuuliza lolote, akataka tu umtumie namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako au "ada ya kufungua malipo", huyo ni tapeli. Mnunuzi wa kweli wa kitu kilichotumika huwa na wasiwasi, na wasiwasi wake huonekana kwenye bei.

Mteja mwaminifu mliyepatana naye naye ana haki yake. Akija mwingine usiku huohuo na elfu hamsini zaidi, mwambie kimeshauzwa. Dini zetu zinakataza kuharibu mauzo ambayo wawili wameshaafikiana, na hata asiyejali dini ajue kwamba makundi ya mtaa yana kumbukumbu ndefu.

Linabaki swali la lini umsikilize anayekulalia. Mmoja akisema laki mbili, mwache. Wawili, waache. Lakini ukiwa umeweka picha safi, risiti ipo, friji inawaka, watu wameingia jikoni wakaigusa, na kwa wiki nne kila aliyekuja ameishia kati ya laki mbili na themanini na laki tatu, basi hao hawakulalii tena. Hiyo ndiyo bei ya friji yako. Badilisha tangazo, andika laki tatu na kumi, na umpigie yule aliyetaja laki tatu kabla hajanunua nyingine.